Fidi Pampu ya Lori: Lini Ibadilishwe, Lini Iachwe

Lori lililopakia kokoto likitoka Mwatate kupanda Wundanyi, kona za mlima ule humaliza ubishi wote kuhusu hali ya injini. Kwenye barabara tambarare ya kuelekea Taveta lori hilo hilo lilikuwa likienda vizuri. Hapa mlimani linaanza kupungukiwa nguvu, dereva anakanyaga mafuta hadi mwisho, injini haiitiki, kisha inazima. Utingo anashuka na kupiga pampu ya mkono mara ishirini. Injini inawaka, lori linasogea mita mia tatu na kuzima tena. Kufikia jioni hukumu imeshatolewa kando ya barabara: fidi pampu imekufa, inunuliwe nyingine.

Mara nyingine hukumu hiyo ni ya haki. Mara nyingi pampu huwa haina kosa, na kilichokufa ni filta, mpira wa kupitisha mafuta uliopasuka, au mfuniko wa tangi usiopitisha hewa. Kukosea hapa kuna hasara pande zote mbili. Pampu nzima ikitolewa, fedha za umma zimenunua kitu kisichohitajika, na wiki inayofuata lori linazima kwenye kona ile ile. Pampu mbovu ikiachwa kwa sababu "bado inasukuma kidogo", inaweza kuua kifaa kinachoifuata, yaani injekta pampu, ambayo bei yake haikaribiani hata kidogo na ya fidi pampu.

Lori likilala karakana, huduma nayo imelala. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti kazi ya maji, uzoaji wa taka, barabara za kaunti na kuzima moto, na kazi hizo zote nne hutegemea injini za dizeli. Wananchi wa upande wa Maktau au Kasigau wanaongojea lori la maji wakati wa kiangazi hawana haja ya kujua fidi pampu ni nini. Dereva na fundi wanayo.

Kazi yenyewe

Dizeli hukaa kwenye tangi, chini, ubavuni mwa chesisi. Injini iko mbele na juu kidogo. Injekta pampu, ile inayosukuma dizeli kwa nguvu kubwa hadi kwenye nozo, haikuundwa kuvuta mafuta kutoka mbali. Inataka iletewe mlangoni, mfululizo, kwa presha ndogo isiyokatika. Mletaji ndiye huyo mafundi wanamwita fidi pampu; wengine husema lifti pampu. Huvuta dizeli kutoka tangini na kuisukuma kupitia filta. Kwa makusudi huleta zaidi ya kile injini inachochoma, na ziada hurudi tangini kwa paipu ya marejesho ikiondoka na joto pamoja na mapovu ya hewa.

Malori mengi ya miaka ya nyuma yanayobeba mizigo nchini, yale yenye injekta pampu ndefu ya mstari mmoja, yana fidi pampu ya pistoni iliyofungwa ubavuni mwa injekta pampu yenyewe, na pampu ya mkono juu yake. Injini kama zile za Perkins za zamani, ambazo ziko pia kwenye matrekta na jenereta, hutumia pampu yenye kiwambo cha mpira iliyofungwa kwenye bloku na kusukumwa na kemshafti. Malori mapya ya mfumo wa komoni reli yana pampu ya umeme karibu na tangi au ndani yake, au pampu ya gia iliyoungana na ile ya presha kubwa. Makala haya yanashughulika zaidi na aina mbili za kwanza, kwa kuwa ndizo fundi wa kawaida anaweza kuzipima bila kompyuta.

Jambo moja ni la aina zote. Dizeli haichomwi tu. Pia ndiyo inayolainisha sehemu za injekta pampu zinazosuguana chuma kwa chuma, na katika aina nyingine ndiyo pia inayozipoza. Marekani, wenye pikapu za Dodge Ram zenye injini ya Cummins ya lita 5.9, za kati ya 1998 na 2002, walilijua hilo kwa gharama kubwa. Pampu ndogo ya umeme iliyoleta mafuta ilikuwa ikichoka kimya kimya, gari likiendelea kutembea, mpaka injekta pampu iliyokosa mafuta ya kutosha ikaharibika. Wengi wao baadaye walifunga geji ya presha ya mafuta mbele ya dereva. Hawakungoja gari lizime ndipo wajue.

Dalili, na namna zinavyodanganya

Dalili kubwa ya injini inayokosa dizeli ni kwamba hulalamika wakati wa kazi. Ikiwa imesimama inanguruma vizuri, kwa sababu wakati huo inatumia mafuta kidogo sana na hata pampu iliyochoka inaweza kuyaleta. Mzigo na mlima ukija, mahitaji yanaongezeka na pampu haifikii. Kwa hiyo fundi anayewasha lori uani, akalisikiliza dakika mbili na kusema "pampu ni nzima", bado hajapima chochote.

Moshi husaidia sana, na ni ajabu kwamba madereva wengi hawaulizwi kuuhusu. Injini inayopoteza nguvu huku ikitoa moshi mweusi mzito inapata mafuta. Inachokosa ni hewa, au nozo zake zinamwaga vibaya. Huko kaguliwe filta ya hewa, mipira ya tabo na nozo. Injini inayopoteza nguvu bila moshi wa maana, kana kwamba kuna mtu aliyeachia mafuta huku mguu ungali chini, ndiyo inayokosa dizeli.

Kuwaka kwa shida asubuhi ni dalili nyingine. Usiku dizeli imerudi tangini na nafasi yake imechukuliwa na hewa. Yapo mambo mawili yanayoleta hali hiyo: valvu ndogo ndani ya fidi pampu zimechakaa na hazizuii tena mafuta kurudi, au kuna mahali hewa inaingia. Dereva mwenye macho ataona kwamba lori likilala limeinua pua mlimani huwaka kwa taabu, na likilala limeinamisha pua huwaka mara moja. Habari hiyo ina thamani kuliko maelezo marefu, kwa sababu inaonyesha kwamba tatizo liko kwenye njia ya kuleta mafuta na wala si kwenye stata au betri.

Lipo pia lori linalozima mlimani likiwa na robo tangi tu, na likijazwa linapanda bila shida. Hilo lisinunuliwe pampu kabla ya kukagua paipu inayozama ndani ya tangi. Ikiwa na ufa upande wa juu, huvuta hewa mara tu mafuta yanaposhuka chini ya ufa huo.

Ndiyo maana dereva anahitaji kuandika zaidi ya "gari haina nguvu" kwenye kitabu cha safari. Aandike lilizima wapi, likiwa na mzigo gani, tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani, moshi ulikuwa wa rangi gani, na kama pampu ya mkono iliposukumwa ilikuwa ngumu au nyepesi. Mistari mitatu ya namna hiyo humpunguzia fundi kazi ya nusu siku.

Vitu vya bei nafuu kwanza

Kabla ya spana kugusa pampu, mfuniko wa tangi ulegezwe. Ukisikika mlio wa hewa ikiingia kwa nguvu na injini ikapata uhai, tundu la kupumulia limeziba kwa vumbi na ugonjwa umepatikana bila shilingi moja kutumika. Kwenye barabara za murram hili si jambo la nadra.

Kisha filta. Pampu ikiwa kabla ya filta, kama ilivyo kwenye malori mengi, filta iliyoziba hufanya pampu nzima ionekane mbovu. Maji yamwagwe kutoka kwenye kikombe cha chini. Filta iliyotolewa ipasuliwe na karatasi yake itazamwe: tope jeusi, kutu au chembe za mpira zinaeleza mengi kuhusu tangi na mipira. Kwenye fidi pampu nyingi za pistoni kuna pia kichujio kidogo cha waya ndani ya bolti ya mlango wa kuingilia. Mafundi wengi hawajawahi kukifungua. Kichujio hicho kikijaa nyuzi na kutu, pampu hainyonyi, na kukiosha ni kazi ya dakika kumi.

Baada ya hapo, hewa. Sehemu yote kutoka tangini hadi kwenye pampu iko upande wa kuvuta, na paipu inayovuta si lazima idondoshe mafuta hata ikiwa na ufa: injini ikifanya kazi, huvuta hewa kuingia ndani. Kwa hiyo kukagua kwa kutafuta unyevu nje hakutoshi. Njia nzuri ni kufunga kipande cha mpira mweupe unaopenyeka macho kabla ya pampu, kisha kutazama dizeli ikipita. Mapovu yanayokuja mfululizo maana yake ni klipu iliyolegea, mpira uliokauka, au washa ya shaba iliyotumika mara tatu. Sabuni ya kipande inayosuguliwa kwenye ufa wa tangi imesaidia madereva wengi kufika nyumbani, lakini huo si ukarabati, na sabuni iliyopakwa kwenye paipu ya kuvuta huishia ndani ya filta.

Lori lililoanza kuzima siku moja baada ya kubadilishwa filta lina swali moja tu la kwanza: je, mpira wa filta ulikaa sawa na hewa ilitolewa yote?

Kuipima bila kubahatisha

Ikiwa yote hayo ni safi na lori bado linazima, sasa ni zamu ya pampu, na kuna jaribio ambalo halihitaji kifaa cha bei. Lori lisimamishwe mahali tambarare, magurudumu yazuiwe. Jerikani safi yenye dizeli iliyochujwa iwekwe juu kuliko injini na ifungwe imara isianguke. Mpira kutoka kwenye jerikani uunganishwe kwenye mlango wa kuingilia wa fidi pampu, mahali pa paipu inayotoka tangini, na paipu iliyoachwa ifunikwe isiingie uchafu. Injini iwashwe na mizunguko ipandishwe kwa muda. Ikiwa injini iliyokuwa ikizima sasa haizimi, pampu haina kosa. Shida iko kati ya tangi na pampu.

Ikiwa bado inazima, mpira wa jerikani uhamishwe hadi mlango wa filta, pampu irukwe. Kinachotoka kwenye fidi pampu kielekezwe kwenye chupa safi, na chupa hiyo pia ni shahidi: pampu nzima humwaga kwa mapigo yenye nguvu, mbovu hudondosha au kutoa povu. Injini ikitulia sasa, pampu ndiyo mkosaji. Ikiendelea kuzima, uchunguzi uhamie kwenye filta, valvu ya marejesho na injekta pampu yenyewe.

Jaribio la jerikani lina mpaka wake. Mafuta yanayoshuka kwa uzito wake tu hayatoshi kuendesha injini kwa nguvu zote, kwa hiyo haliwezi kueleza kinachotokea kwenye mlima. Kwa hilo inatakiwa geji ya presha, ifungwe baada ya filta, kabla ya injekta pampu. Mafundi wazoefu huibandika kwa tepu nje ya kioo cha mbele ili isomwe lori likitembea. Paipu ya dizeli isiingizwe ndani ya kabini hata kwa jaribio la dakika tano. Kisha lori lipakiwe na lipande mlima ule ule uliolishinda, fundi akiwa kando ya dereva akiandika namba.

Kwenye injini zenye injekta pampu ya mstari, presha hiyo kwa kawaida huwa kati ya bar 1 na 2.5. Pampu za kiwambo hufanya kazi kwa presha ya chini zaidi. Kitabu cha injini husika ndicho chenye neno la mwisho. Hata hivyo namba moja haisemi mengi kama mwendo wake unavyosema. Presha inayosimama vizuri injini ikinguruma tu, kisha ikashuka karibu na sifuri mlimani, inamaanisha mafuta hayafiki. Geji ihamishwe kabla ya filta na jaribio lirudiwe: ikiwa hapo presha ni nzuri, filta ndiyo inayoizuia; ikiwa hata hapo imeanguka, na njia ya kuvuta ni safi, pampu imechoka. Bado kuna hila moja. Valvu ya marejesho iliyokwama wazi, au springi yake iliyolegea, huruhusu mafuta yote kukimbilia tangini na presha ikaonekana ndogo ingawa pampu ni nzima. Valvu hiyo ifunguliwe na kutazamwa kabla ya fomu ya kununua pampu kujazwa.

Kwa malori ya komoni reli, fundi asilegeze paipu yoyote kati ya pampu kubwa na nozo wakati injini inafanya kazi. Presha ya huko hupenyeza dizeli ndani ya ngozi, na jeraha linaloonekana kama tundu la sindano huhitaji hospitali siku hiyo hiyo. Vilevile, utingo asinyonye dizeli kwa mdomo ili kuianzisha ishuke. Ikiingia kwenye mapafu, hata kidogo, huumiza vibaya.

Isiyohitaji mjadala

Kuna hali ambapo pampu haipewi nafasi ya pili. Kwenye pampu ya kiwambo, tundu dogo lililo chini ya mwili wake likianza kudondosha dizeli, kiwambo kimepasuka. Mbaya zaidi ni dizeli isiyoonekana nje. Inashuka ndani, inaingia kwenye sampu na kuchanganyika na oili. Kwenye baadhi ya injini, pampu ya pistoni nayo hufanya hivyo, kijiti chake cha kusukuma kikichakaa na kupitisha mafuta.

Dereva anayepima oili kila asubuhi ndiye anayeigundua. Oili ya injini hupungua au hubaki ilipo, haiongezeki yenyewe. Ikipanda juu ya alama, ikawa nyepesi kama maji na kunuka dizeli, lori lisiwashwe, hata kwa safari ya kwenda karakana. Oili iliyochanganyika na dizeli haiwezi tena kubeba uzito wa krenki, na injini inayoendeshwa hivyo inaweza kufa kwa sababu ya pampu ndogo inayokaa kiganjani. Pampu ibadilishwe, oili yote imwagwe, filta ya oili nayo itolewe. Oili ikipanda tena baada ya hapo, injekta pampu au nozo zichunguzwe.

Ambapo geji imeonyesha udhaifu tu, pampu ya pistoni inaweza kukarabatiwa kwa valvu, springi na washa mpya, mradi ukuta wa ndani uwe laini. Ukiwa na mikwaruzo inayoshika kucha, ukarabati ni kupoteza muda. Pampu za kiwambo ambazo mwili wake umebanwa kiwandani bila bolti hazifunguki, hubadilishwa nzima.

Pampu iliyokufa kabla ya wakati ina sababu yake, na mara nyingi sababu hiyo bado iko tangini. Maji hushika kutu valvu. Mchanga hukwaruza pistoni. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hailainishi inavyotakiwa. Ni kwa sababu ya uchanganyaji huo serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Pampu mpya ikifungwa juu ya tangi chafu itakwenda njia ya mwenzake.

Siku ya kuifunga, gasketi ya zamani ikwanguliwe yote na washa za shaba ziwe mpya. Kwenye pampu ya kiwambo, injini izungushwe hadi nundu ya kemshafti iwe imegeuka upande wa pili, ndipo bolti zikazwe sawasawa. Mkono wa pampu uliobanwa vibaya huvunjika injini ikiwashwa. Hewa itolewe hadi dizeli ije bila povu. Kesho yake, kabla ya lori kutoka, fundi apitishe kitambaa kikavu kwenye kila kiungo na kupima oili. Namba za geji za kabla na baada ziandikwe kwenye faili la lori pamoja na tarehe na kilomita, na pampu iliyotolewa ifungwe kibandiko chenye namba ya gari na kuwekwa stoo, ili mkaguzi au fundi mwingine akitaka kujua kwa nini ilibadilishwa aikute hapo.